Akuei Hataki Maji

Lodwar
11 Februari 1995

Kwako Arek,

Ejok, kama tusalimianavyo sisi Waturkana. Labda umenisahau. Mimi ni yule msichana mrefu mwenye sweta iliyochanika kiwiko, uliyekaa naye benchi moja siku ya maonyesho ya sayansi hapa Lodwar. Wewe uliongea, mimi nikatikisa kichwa. Uliponiuliza jina nilikuonyesha jalada la daftari langu badala ya kulitamka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijitukana kimoyomoyo, ndiyo maana naandika. Kalamu hainitoi jasho kama watu.

Unakumbuka tulipodondosha iodini kwenye kipande cha kiazi? Kiligeuka buluu, buluu ikaiva mpaka nyeusi, ukanishika mkono ukasema, "Kumbe wanga ulikuwa umejificha humo wakati wote!" Wasichana wa shule yangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri, huyu ndiye msichana wa kusoma naye.

Ulisema huko kambi ya wakimbizi ya Kakuma mna kitabu kimoja cha biolojia kwa watu wengi. Basi ninayofundishwa na Mwalimu Ajwang nitakuandikia. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu nimegundua jambo la aibu: kwa Kiingereza naweza kukariri ukurasa mzima na kupata alama bila kuelewa hata kidogo. Sikukuu iliyopita nilijaribu kumweleza mama glukosi ni nini, nikakwama kwenye sentensi ya kwanza. Mama alisema, "Si useme tu sukari?"

Barua hii itakuja na Jama, yule mfanyabiashara Msomali ambaye lori lake hupeleka bidhaa Kakuma. Amesema barua ni nyepesi kuliko gunia la sukari.

Kitu kingine: hapa wiki hii tunalishwa samaki, nami, ingawa kwetu ni Kalokol, ziwani, sili samaki. Nabadilishana na jirani yangu kwa maharagwe. Sijui kwa nini nakwambia.

Ni mimi,
Nakal


Kakuma
26 Februari 1995

Nakal,

Ejok nooi! Nitakusahau vipi? Nani atasahau mtu anayejibu maswali kwa nyusi?

Barua yako imesomwa katika nyumba yetu kuliko Biblia. Naisoma kwa sauti, halafu naigeuza kwa Kidinka kwa sababu ya ndugu yangu Akuei. Ana miaka minane na maneno yake ni ya mzee wa sitini. Ameamua wewe ni mwalimu wake. Anataka umtumie iodini ili aidondoshe kwenye unga wa mgao, aone kama wanaotugawia wanatudanganya. Pia anasema mtu wa ziwani asiyekula samaki ni sawa na Mdinka asiyependa ng'ombe, apelekwe hospitali.

Siku ile habari za wazazi zilipotajwa niligeuza maneno. Baba alikufa vitani kabla sijajua kusoma. Mama alibaki ng'ambo ya mto, mwaka ule tulipokimbia kutoka Ethiopia. Anaangalia ng'ombe wa mjomba, na barabara ikifunguka atakuja. Ndivyo ninavyomwambia Akuei, na ndivyo ninavyokuandikia wewe. Yeye alikuwa wa miaka minne tu wakati ule, hakumbuki chochote. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa swali lake, maana amesimama hapa begani akingoja nilimalize: mtu ametengenezwa na nini? Nilimjibu udongo, kama kanisani. Akasema, "Wewe hujui. Mwulize Nakal."

Kiswahili changu kikiwa kibaya, usinionee huruma, nisahihishe.

Arek


Lodwar
12 Machi 1995

Arek mpenzi, na mwanafunzi wangu Akuei,

Kiswahili chako hakina ugonjwa. Na swali la Akuei ndilo hasa tunalosoma. Nimeandika jibu mara nyingi nikachana, kwa sababu nataka liwe zuri kama lilivyo kichwani.

Chukua kila kitu chenye uhai. Mbuzi, mti wa ewoi, chawa, mtu, mwani wa kijani pale Ferguson's Gulf, ghuba ya kwetu Kalokol. Ukivivunjavunja mpaka mwisho unakuta karibu vitu vilevile: kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni. Halafu vidogo vidogo: chuma kwenye damu, kalisi kwenye mifupa, chumvi kwenye jasho. Kaboni ndiyo fundi mkuu, ana mikono minne ya kushika wenzake, kwa hiyo anajenga minyororo mirefu. Mnyororo huu ni wanga, ule ni protini, ule mwingine ni mafuta. Tofauti ya mtu na gunia la mahindi ni namna vitu vilivyoshikana.

Lakini kuliko vyote, mtu ni maji. Karibu theluthi mbili. Macho yako maji, damu maji, hata ubongo unaosoma barua hii ni maji zaidi ya nusu. Tunatembea juu ya mchanga huu mkavu wa Turkana kama vibuyu vilivyojaa.

Na sasa sehemu ninayoipenda, ambayo Mwalimu Ajwang aliisema akiwa ametupa mgongo akifuta ubao, kana kwamba ni jambo dogo. Hakuna kinachopotea. Mwili unapokwisha, chembe zake hazipotei. Zinaachana tu, zinakwenda kushikana na vingine. Mtu akizama, maji humchukua taratibu. Anakuwa mwani, anakuwa samaki, anakuwa mvuke, anapanda, anakuwa mvua juu ya milima na kushuka tena kwenye visima. Maji ya dunia ni yaleyale tangu mwanzo. Hakuna kikombe ambacho hakina ndani yake kitu kilichowahi kuwa mtu.

Kwa hiyo, Akuei, ukisikia fulani alizama, usiseme amepotea. Yumo majini. Yumo katika kila kikombe.

Nilipoyaelewa haya nilitoka nje ya darasa nikasimama peke yangu. Sijawahi kumwambia mtu. Ninyi ndio wa kwanza.

Nakal


Kakuma
29 Machi 1995

Nakal,

Asante kwa barua. Nina haraka, Jama anawasha lori.

Nijibu haya, ni kwa ajili ya mtihani. Kuna chakula kisicho na maji hata kidogo? Mahindi makavu yana maji? Maziwa ya mbuzi yana maji, au ni kitu kingine kabisa? Mtu akila vitu vikavu tu, mwili unaweza kujitengenezea maji wenyewe?

Swali la maziwa ndilo kubwa. Jibu upesi, tafadhali.

Arek


Lodwar
2 Aprili 1995

Mwanasayansi Arek,

Umenihoji kama mtahini mwenyewe! Nimekimbia maktaba nikiwa na furaha, maana hakuna aliyewahi kunitegemea kwa jibu. Darasani nikijua kitu nainama chini ya dawati nikitafuta kifutio ambacho hakijaanguka.

Nakujibu kama ningejibu kwenye karatasi.

Hakuna chakula kisicho na maji. Hata punje ya mahindi iliyokaushwa juani ikakupasua meno ina maji zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukitaka kuhakikisha, iweke kwenye neli ya maabara uipashe moto: utaona matone yanaota juu, upande wa ubaridi. Yalikuwa yamejificha, kama wanga wako.

Maziwa ya mbuzi ni maji, Arek. Katika vikombe kumi, karibu tisa ni maji matupu. Mafuta na protini yake ndiyo yanayoyafanya yawe meupe na kuyadanganya macho. Mbuzi anakunywa kisimani, yale yale anakupa wewe. Hapa usikosee, ni swali wanalolipenda.

Na ndiyo, mwili hujitengenezea maji. Glukosi ikiunguzwa ndani ya chembe hai, hutoka nguvu, hewa ya ukaa na maji kidogo. Mafuta yakiunguzwa hutoa maji mengi zaidi. Lakini kwa mtu hayatoshi hata kidogo. Ngamia mwenyewe hayamtoshi, watu wanamsifu bure.

Kwa kifupi, hakuna mahali pa kuyakimbilia maji. Tuko ndani yake nayo yako ndani yetu.

Niambie umepata alama ngapi! Na Akuei mbona safari hii hakuniachia hata tusi moja?

Nakal


Kakuma
9 Aprili 1995

Nakal,

Hakukuwa na mtihani. Maswali yote yalikuwa ya Akuei.

Nilipomaliza kumsomea ile barua yako ya Machi alikuwa na kikombe mkononi. Akaniuliza, "Wote waliozama?" Nikasema ndiyo, sayansi imesema, na nikafurahi kwamba ameelewa. Akakiweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akasema hana kiu.

Jioni hana kiu. Kesho yake hana kiu. Uji nikimpa anauliza, "Umeupika na nini?" Nikamfokea, nikamwomba, jirani yetu akamshika pua tukammiminia, akatapika yote juu yetu. Alikubali kitu kimoja tu, maziwa ya mama Akuwam, yule mama wa Kiturkana anayekuja ukingoni mwa kambi kubadilishana maziwa na mahindi. Mama huyo alicheka, akasema, "Huyu ni mtoto au ndama?" Nilimpelekea mgao wetu wa mahindi wote. Nikasema moyoni, akinywa maziwa ataishi. Lakini hata hayo akaanza kuyatilia shaka. Akaniambia, "Mwulize Nakal. Yeye hadanganyi."

Barua yako ilipofika niliisoma kimya. Kisha nikamsomea kwa sauti kwamba maziwa hayana maji hata tone. Akawa ananitazama mdomo. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Kisichoandikwa huwezi kukisoma mara mbili kwa maneno yaleyale, Nakal. Akanitambua. Akaniambia, "Basi na mbuzi wamemnywa."

Wamemnywa. Siyo wameyanywa.

Ndipo nilipojua kwamba anajua. Miaka yote hii namwambia mama yuko ng'ambo na ng'ombe, naye ananisikiliza na kuitikia, kumbe aliona. Tulikuwa tunavuka watu wengi, nyuma kuna risasi, mto umejaa. Mimi nilikuwa nimeshikilia kamba, yeye yuko mbele yangu kifuani. Mama alikuwa nyuma yetu. Tulifika ukingo, yeye hakufika. Hayo ndiyo yote nitakayoandika.

Sasa yuko hospitali ya kambi. Midomo imepasuka, akilia machozi hayatoki. Wamemtundikia chupa ya dripu. Akamwuliza muuguzi, dada Nyachuol, kuna nini ndani. Dada wa watu akamjibu vizuri tu, "Maji, mpenzi, na chumvi na sukari." Alipiga kelele ambayo sijaisikia tangu mto ule. Wamefunga mkono wake kwenye ubao ili asiing'oe sindano. Daktari anasema dripu si maisha, mtoto lazima anywe kwa mdomo wake.

Nilikukasirikia sana. Bado. Lakini Akuei anakuamini wewe tu. Tafuta katika kitabu chako kitu cha kumwambia. Kama hakimo, kitunge.

Arek


Lodwar
11 Aprili 1995

Arek,

Nimesoma barua yako nyuma ya maabara. Sitajitetea.

Nitakwambia ambalo wenzangu wa bweni hawalijui. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kalokol. Walitoka kwenda kutega nyavu upande wa Todonyang, upepo wa ziwa ukainuka ukapindua mashua. Wenzake walirudi, wengine wamekalia mbao. Yeye hakurudi wala hakupatikana, hata shati. Kwa hiyo ubaoni, maneno yale "hakuna kinachopotea" yalikuwa kama mtu amenifunika blanketi. Nilitoka nje nikasimama, nikalitazama anga nikifikiri, labda yuko katika wingu lile. Halafu saa ya chakula wakatuletea samaki wa kutoka ziwani.

Unaona? Yaleyale niliyowaandikia kwa mwandiko mzuri, mimi mwenyewe siwezi kuyala. Niliwapa ninyi ile nusu inayofariji, nusu nyingine nikaificha chini ya maharagwe. Akuei ameielewa barua yangu kuliko mimi niliyeiandika.

Nimefikiria kutunga. Ningeweza kusema chembe za mtu mmoja zimetawanyika mno hivi kwamba ni kama hazipo. Ningeweza kusema maji ya kambi yanatoka chini sana ardhini, hayajawahi kukutana na mto wenu. Lakini atakuambia usome tena.

Kitu cha kweli nilichokipata ni hiki. Mtoto akiwa tumboni anaelea katika maji, yale ya chupa ya uzazi, na yale maji anayameza. Anayameza na kuyatoa na kuyameza tena, miezi mingi. Yanatoka kwa mama. Kwa hiyo Akuei alimnywa mama yake kabla ya kumwona uso, na mama hakupungua, ndivyo alivyotaka. Mwambie hivyo, kama unaona inafaa.

Lakini Arek, usitegemee hilo sana. Sidhani anachoogopa ni kemia. Ninachokiogopa mimi mbele ya sahani si kaboni wala protini. Siwezi hata kukwambia ni nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Mama hanisemeshi habari za baba, anafikiri nimesahau. Kwa hiyo mwulize. Usimweleze kitu, mwulize tu anaogopa nini, halafu ungoje.

Barua hii nampa Jama mkononi leo leo.

Nakal


Lodwar
22 Aprili 1995

Arek,

Shule imefungwa. Sikwenda Kalokol, niko kwa shangazi hapa Lodwar ili barua yako isinipite. Hakuna barua.

Jana niliona lori la Jama sokoni. Mimi, unayenijua, nilisimama mbele yake barabarani mpaka akapiga breki.

"We binti, unataka kufa?"

"Barua yangu uliifikisha?"

"Wallahi, mkononi mwake."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliichukua akakimbia."

"Akakimbilia wapi?"

Jama alizima injini. Akasema, "Hospitali." Kisha akanipa biskuti, kama mtu anayempa mtoto mdogo.

Shangazi ametupikia samaki. Nimekaa na samaki huyo mbele yangu mpaka akapoa. Niandikie hata neno moja. Likiwa baya, liandike vilevile.

Nakal


Kakuma
30 Aprili 1995

Nakal,

Mvua ilinyesha milimani, laga, ule mto wa msimu, ikashuka na kukata barabara, hakuna gari lililotoka. Samahani. Najua ulikaa vipi, hata mimi nimewahi kungoja hivyo.

Nilikimbia na barua yako mpaka kitandani kwake, nikamsomea yote bila kuruka neno. Jua lilikuwa juu ya mabati na kila kitu kinawaka. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nilipofika kwenye samaki akasema, "Nakal pia?" Nikasema Nakal pia. Akasema, "Basi apelekwe hospitali, alale kitanda kile," na akacheka kidogo, midomo ikatoka damu.

Nikamweleza lile la tumboni. Akasema, "Lakini wakati ule alijua ninakunywa. Hakuwa amekasirika."

Nikataka kusema mama hajakasirika. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikakumbuka ulivyoniambia, nikalimeza. Nikamwuliza, "Unaogopa nini, Akuei?"

Dada Nyachuol akaja, akabadilisha chupa, akaenda.

"Uliniziba masikio," akasema.

Nilikuwa nimesahau, Nakal. Naapa. Pale majini, kamba ilipokaza na tukasimama, niliibana kwapani nikamziba masikio kwa mikono miwili kwa sababu ya risasi. Sikuwa na mkono wa tatu wa kumziba macho.

Akasema, "Nilimwona anafungua mdomo. Alikuwa ananitazama mimi. Aliniita, na mimi sikuitika, kwa sababu sikusikia. Sasa yumo kwenye maji. Nikinywa atafika ndani na ataniuliza mbona sikuitika."

Mwezi mzima tunamshika pua na kumfunga mkono kwenye ubao, kumbe ndicho hiki. Hakuwa anakataa kumnywa mama. Alikuwa anamwogopa.

Hakuna mtu duniani anayejua mama alisema nini isipokuwa mimi. Masikio yangu mimi hayakuzibwa. Sijawahi kulitamka, si kwa padri, si kwa wale wanawake waliokuja kutuandika majina. Nilifikiri nikilitamka litakwisha. Nikamwambia pale pale, kwa Kidinka, kwa sauti ile ile aliyotumia mama, maana sikujua sauti nyingine.

"Hakukuita. Alisema, 'Nimesimama! Miguu yangu imefika chini! Nendeni!'"

Akafungua macho. "Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mara mbili."

"Alikuwa amesimama kweli?"

Maji yalikuwa yamemfika kidevuni alipoyasema hayo. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini, nikavuta kamba, nikaenda. Nilipogeuka palikuwa na maji tu. Na ndiyo maana, Nakal, nilimwambia Akuei mama yuko ng'ambo. Haukuwa uongo wangu peke yangu. Mama ndiye aliyeuanza, mimi niliupokea tu nikaendelea kuubeba, na siku nyingine nilikuwa nauamini.

"Sijui," nikamwambia. "Alisema amesimama. Mimi sijui."

Nilidhani atalia. Alikaa akitazama ile chupa inavyodondosha. Akasema maneno yale ya mama polepole, kama anayejifunza somo. Nimesimama. Nendeni. Kisha akanyoosha ule mkono usiofungwa, akasema, "Lete."

Nilimletea kikombe cha bati. Alikunywa funda moja, akatulia, kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango. Akanywa la pili. Akakohoa, akanywa, akanywa. Dada Nyachuol alisimama mbali na trei yake, hakuthubutu kusogea. Yaliyobaki, chini kidogo tu, akanisukumia mimi.

"Na wewe," akasema.

Siku hizi anakunywa. Analala vibaya, na kabla ya kila kikombe anasema kitu kwa ndani ambacho haniambii, nami simwulizi. Wanasema wiki ijayo tutarudi nyumbani.

Siwezi kukueleza mwenyewe nimekuwaje. Nitakwambia tu lile funda lake nililomalizia. Yalikuwa maji ya bomba ya Kakuma, yamepashwa na jua, yananuka klorini kama siku zote. Niliyashikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kuyameza. Nilikuwa natafuta ladha nyingine. Sitakuficha, Nakal. Niliitafuta.

Arek